Barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Tanga: wafungulieni watoto majengo haya kabla hayajaisha

Kwa Mstahiki Meya na waheshimiwa madiwani, Mkurugenzi wa Jiji, maafisa mipango miji, maafisa elimu, na nyinyi wa Mambo ya Kale mlioko wizarani,

Shikamooni wakubwa zangu, na mlio rika langu habari za kazi.

Nimeamua kuandika hadharani kwasababu hili jambo ni la Tanga nzima, nataka nyinyi msome na mama anayeuza mihogo Raskazone asome na mwalimu wa darasa la tano asome. Naomba vitu viwili ambavyo kwangu mimi ni kimoja: majengo yetu ya zamani yasiendelee kubomolewa na kuharibiwa kimya kimya, na watoto wa mji huu waruhusiwe kuingia ndani yake.

Mimi nachora ramani za nyumba, ndo kazi inayonilisha. Watu wakiniuliza nilianzaje wanategemea niseme kuna mwalimu alinishika mkono au nilikuwa kichwa sana kwenye hesabu, hapana, hesabu nilikuwa wa kawaida tu. Nilianza kwa nyumba ya bibi yangu Ngamiani na ile njia ya kutoka pale mpaka mjini. Yani kama ningekulia sehemu ambayo kila jengo lina geti na mlinzi saivi ningekuwa nafanya kazi nyingine kabisa.

Mnazijua nyumba zetu za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mlango wa mbele unatazamana na mlango wa uani, nje baraza. Ya bibi ilikuwa ya bati haina dari, kuta za vyumba zinaishia njiani hazifiki paani, kwaiyo usiku mtu akikohoa chumba cha kwanza chumba cha tatu wanampa pole. Mchana wa kaskazi, ile mwezi wa pili, bati lilikuwa linawaka haswa, lakini ukitandika mkeka ukumbini unalala vizuri tu kwasababu upepo unaingia mbele unatokea uani. Sasa mjomba akaja akataka chumba cha kupangisha, akajenga kule nyuma, akauziba ule mlango kwa tofali akaacha kipenyo cha mtu kupita pembeni. Jioni ile ile bibi akasema nyumba imekata pumzi. Nilikuwa darasa la tatu sijui la nne, nikakaa pale ukumbini nautafuta upepo umekwenda wapi, nafungua mlango nafunga, naning'iniza kipande cha khanga nione kama kinacheza, hakichezi. Siku hiyo nilijua mlango mmoja haufanyi kazi peke yake, upepo unataka pa kuingilia na unataka pa kutokea. Nilipofika Chuo Kikuu Ardhi tukawa tunafundishwa mambo ya hewa ndani ya jengo, michoro na mahesabu, nikakuta hili nalijua tangu ukumbini kwa bibi, nilikuwa sina majina yake tu. Na mpaka leo mteja akija na picha za nyumba alizotoa mtandaoni, vioo vitupu, swali langu la kwanza ni hilo hilo, hapa upepo unatokea wapi.

Alafu kulikuwa na reli. Mtoto wa Ngamiani kwenda mjini lazima uvuke reli, na mimi niliivuka mara nyingi sana kwasababu mama alikuwa na kibarua upande wa pili. Ngamiani barabara zina namba, ya kwanza mpaka ya 21, zimenyooka, nyumba zimebanana, mtoto akitumwa barabara ya 14 hapotei. Ukivuka reli unaingia kwenye maduka, gorofa moja gorofa mbili, chini duka juu watu wanaishi. Ukiendelea mbele kuelekea baharini miti inakuwa mikubwa, nyumba zinaachana, upepo unabadilika. Nilijiuliza kwanini upepo wa bahari uko kule na sisi tuko huku, nikamuuliza mama, akasema kule walikaa Wazungu, hapa kati Wahindi, sisi huku, ndo walivyopanga. Hiyo historia nilikuja kuisoma vitabuni baadae lakini niliifahamu kwa miguu kwanza, kwa kutembea tu na kuona madirisha yanavyobadilika ukubwa kadri unavyokaribia bahari. Niambieni ni kitabu gani cha shule ya msingi kinaweza kumfundisha mtoto hivyo kwa mara moja.

Mjini ndo palikuwa raha. Zile nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zenye roshani za mbao zinatokeza juu ya njia, chini kuna kivuli mfululizo, unaweza kutembea mtaa mzima jua la saa saba halikugusi, na mvua ya masika ikikukuta unasimama chini ya roshani ya mtu wala hujuani nae. Nyingine juu kabisa kwenye ukuta wa mbele wameandika mwaka, na jina la mwenye nyumba. Mimi na rafiki zangu tulikuwa tunashindana nani ataona mwaka wa zamani zaidi. Shingo zinauma kwa kuangalia juu! Tukaanza kugundua vitu, kwamba nyumba za miaka fulani zina mapambo ya kona kona, nyingine za miaka ya mbele zimenyooka hazina urembo mwingi, pembe zake zimezungushwa. Hatukujua kwamba tunajifunza kutofautisha nyakati, kwetu ulikuwa mchezo wa bure wa watoto wasio na hela ya kitu kingine.

Na majengo ya Wajerumani. Boma, jengo la zamani la Tanga School, ile Cliff Block pale Bombo inayoangalia bahari ambayo mimi utotoni nilidhani ni kasri la mfalme. Kuta nene nikinyoosha mkono dirishani vidole havifiki nje. Ukipita karibu unahisi ubaridi unatoka ukutani. Wakati huo sikujua kwamba shule ya serikali ya Wajerumani ilianzishwa hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwamba reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga 1893 na ikafika Moshi 1911, yani mji wetu ulikuwa mlango wa mambo mengi. Ila nilijua kwamba ukuta mnene unatunza baridi, na kwamba baraza pana inazuia jua lisiguse ukuta. Alafu maktaba ya King George, nilikuwa naingia kumsubiri mama amalize kazi, nikamaliza vitabu vya hadithi vilivyokuwepo, nikaanza kuangalia jengo lenyewe, mwanga unaingilia wapi, kwanini hapa ndani kimya na barabara iko pale nje. Hakuna aliyenifukuza. Hilo naomba mlisikie vizuri waheshimiwa, nilikuwa mtoto wa Ngamiani kandambili miguuni na hakuna aliyenifukuza.

Sasa hivi wanafukuzwa. Mwaka huu nilienda na watoto wa dada yangu na marafiki zao kuwaonyesha jengo moja la umma, sitalitaja, lina ngazi za mbao nzuri ajabu, nikataka waone fundi alivyounga zile mbao bila msumari kuonekana. Mlinzi akatutoa, tena kwa sauti, eti watoto hawaruhusiwi na picha hairuhusiwi. Simlaumu mlinzi, yeye kaambiwa. Nawauliza nyinyi mliomwambia, mtoto wa miaka kumi akishika ngazi anaiba nini? Mmoja wao alikuwa ameshakaa chini anachora, kipande cha ukurasa wa daftari la hesabu, akakikunja akakitia mfukoni akanyamaza mpaka nyumbani.

Na wakati watoto wanafukuzwa, majengo nayo yanaondoka. Tunajua inavyokuwa, kwanza bati zinazungushwa mbele, unadhani ni ukarabati, ukipita baada ya wiki mbili roshani haipo, ukipita tena ni kiwanja. Nyingine hazibomolewi ila zinauawa taratibu, roshani zinazibwa kwa vioo vya aluminiamu, baraza linawekewa grili linakuwa stoo, juu inaongezwa gorofa ambayo ukuta wa chini haukujengwa kuibeba. Sisemi mji usijengwe. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia hapo Chongoleani, watu wanakuja, viwanja vya mjini vinatafutwa, mimi mwenyewe kazi ninazopata ni kwa ajili hiyo. Ila ndo maana naandika sasa na sio miaka kumi mbele, hela ikishaingia kwa kasi hakuna atakaesimama kuuliza ile nyumba ilikuwa na nini.

Kuna watu watasema sheria ipo. Ipo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Lakini tuisome vizuri jamani, jengo linalolindwa moja kwa moja ni lile lililojengwa kabla ya 1863, yaliyobaki mpaka Waziri ayatangaze. Sasa hesabuni wenyewe, reli imeanza 1893. Karibu kila kitu ambacho mtu akisema Tanga anakiona kichwani, boma, shule, Bombo, maduka ya Wahindi, nyumba za Ngamiani zenye barabara za namba, vyote viko upande wa pili wa huo mwaka. Kwaiyo mwenye nyumba akiamka na nyundo kesho hakuna cha moja kwa moja kinachomzuia kama jengo lake halijatangazwa. Nyinyi wa Jiji na nyinyi wa wizarani kaeni meza moja, mtengeneze orodha, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, na orodha hiyo ipelekwe kwa Waziri itangazwe. Na tafadhali sana orodha isiishie kwenye majengo ya Wajerumani na Wahindi. Wekeni nyumba za Kiswahili za Ngamiani, hata chache zilizobaki na ukumbi wake na baraza lake na uani wake, kwasababu hizo ndo zinapotea bila hata mtu kuzipiga picha. Watalii hawaji kuziona, ni kweli, ila sisi ndo tulizaliwa humo.

Nimewahi kuambiwa pia, na mtu msomi, kwamba majengo ya mkoloni acha yaanguke tu, tunayalilia ya nini. Mimi naheshimu hasira hiyo, babu zetu waliteseka. Ila nani alichonga yale mawe? Nani alichoma ile chokaa? Nendeni Tongoni, hapo kusini tu mwa mji, kuna msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe na chokaa, yamejengwa karne nyingi kabla Mjerumani hajashuka pwani hii. Ufundi ule ulikuwa wetu. Mjerumani aliukuta. Kwaiyo ukuta wa boma ukianguka wa kwanza kupotea ni fundi wa pwani, mkono wake uko mle ndani.

Hapo kwenye chokaa naomba nikae kidogo kwasababu ni jambo linaloniuma kitaalamu. Ukuta wa matumbawe na chokaa unanyonya unyevu na unautoa, mvua ikinyesha unalowa, jua likitoka unakauka, hivyo hivyo miaka mia na zaidi. Sisi Tanga tuna kiwanda cha saruji hapo Pongwe, saruji iko karibu, kwaiyo mkandarasi akipewa tenda ya ukarabati anaona la haraka ni kubandua ile chokaa na kupiga plasta ya saruji. Inapendeza mwaka wa kwanza. Baadae maji yaliyoko ndani ya ukuta hayana pa kutokea, chumvi ya bahari inajikusanya nyuma ya plasta, plasta inavimba, inadondoka na vipande vya mawe, mkandarasi anarudi anaongeza saruji tena. Hapo tunalipia jengo liharibike. Wekeni kwenye mikataba ya ukarabati sharti la chokaa, ni mstari mmoja tu wa kuandika, na wapeni kazi hiyo mafundi pamoja na vijana wa VETA na wa Tanga Ufundi waje kujifunza pale pale kwenye saiti. Kwamba inawezekana tumeshaona, watu wa Urithi, wale wanaotunza historia ya mji hapa Tanga, walisimamia lile boma la zamani likakarabatiwa leo ni makumbusho, unaingia unaona na picha za mji wa zamani. Nawashukuru sana na natamani kila mtoto wa shule apite pale.

Maana nikirudi kwa watoto. Shule zetu zinapeleka watoto mapango ya Amboni, safi kabisa, mimi mwenyewe nilipelekwa na nikaogopa popo. Yale mapango ni miamba ya chokaa. Basi gari likitoka Amboni lisimame mjini saa moja tu, watoto washuke, wamekwisha ona chokaa ikiwa mwamba, sasa waione ikiwa ukuta, waguse, wapime kwa kiganja unene wake, wasimame juani kisha wasimame chini ya roshani waseme tofauti. Hakuna gharama ya ziada hapo. Mwalimu wa sayansi ana somo, wa historia ana somo, wa hesabu ana somo.

Nasema haya kwasababu najua inavyofanya kazi sio kwangu tu. Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso alizaliwa 1965 kijiji cha Gando, hakukuwa na shule, akiwa na miaka saba akapelekwa mjini Tenkodogo, darasa la saruji, watoto wamejazana, joto, mwanga mdogo. Hakuusahau ule moto. Alienda Ujerumani kwa useremala, akaingia kusomea usanifu Berlin, na akiwa bado mwanafunzi akachangisha pesa akajenga shule kwao Gando, ikaisha 2001, kuta za matofali ya udongo na bati amelinyanyua juu, limeachana na dari, hewa ya moto inatokea pale katikati, watoto chini wanasoma. 2022 akapewa tuzo ya Pritzker ambayo wasanifu majengo duniani wanaiona ndo kubwa kuliko zote, Mwafrika wa kwanza kuipata. Chanzo ni joto la darasani utotoni! Sasa madarasa yetu mangapi Tanga hii yana bati lililokaa juu ya vichwa vya watoto bila nafasi ya hewa? Humo ndani yupo mtoto anajiuliza kwanini huku kunaungua na nyumba ile ya zamani ni baridi, ila ile nyumba ya zamani hawezi kuingia, na akikua itakuwa haipo, kwaiyo swali lake litabaki nusu.

Na sio lazima twende mbali hivyo. Marehemu Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, ndo alichora soko la Kariakoo, likafunguliwa 1975, ile miavuli ya zege pale juu inakusanya maji ya mvua. Mimi nililiona mara ya kwanza likizo, tumeenda kwa shangazi Dar, watu wote wanaangalia mizigo yao mimi naangalia juu, shangazi ananivuta mkono ati nitaibiwa. Nilipoambiwa aliyechora ni mtu mweusi, Mtanzania, kuna kitu kilikaa sawa kichwani, kwamba kumbe na sisi tunachora. Kabla ya hapo nilijua majengo yanachorwa na watu wa mbali.

Ndo maana nataka kitu kidogo sana kiwekwe kwenye kila jengo la umma la zamani hapa Tanga, kibao ukutani, kwa Kiswahili, usawa wa macho ya mtoto na sio ya mtu mzima, kimeandikwa limejengwa lini, kwa mawe gani, lilikuwa la kazi gani, na kama jina la fundi linajulikana liandikwe. Na kabla nyumba yoyote ya zamani haijapewa kibali cha kubomolewa, hata kama kibali lazima kitoke, wapewe kwanza wanafunzi na wasanifu wa hapa muda wa kuipima na kuichora yote, mlango hadi paa, na michoro ibaki maktaba pale watu waione. Nyumba ikienda angalau mchoro wake ubaki mjini, mtoto aje aone watu walijenga vipi bila kiyoyozi.

Siku za kuingia nazo zinapangika. Jumamosi asubuhi ofisi nyingi zimefungwa, funguo anazo mlinzi, msafishaji yupo. Hata Jumamosi moja ya mwezi kwa majengo machache ya kuanzia, watoto kumi na tano au ishirini kwa zamu, na walimu wao. Mimi na wenzangu wachoraji tulioko hapa Tanga tumeshaongea, tutawatembeza bure, karatasi na penseli tutatoa wenyewe, futi za kupimia tunazo. Tunachohitaji kutoka kwenu ni barua yenye muhuri inayotaja majengo gani na saa ngapi, na nakala yake wapewe walinzi mapema, ili tukifika getini na watoto tusigeuzwe tena.

Wenu,
Mzaliwa wa Ngamiani, Tanga